Grafu: neno moja, maana mbili, na istilahi zinazoambatana nalo

grafu nm [i-/zi-] 1. mchoro unaoonyesha uhusiano wa viwango kwa mistari, pau au nukta zilizopangwa kwa kufuata mihimili. 2. (hisabati, kompyuta) mkusanyiko wa vifundo pamoja na viungo vinavyoviunganisha vifundo hivyo viwili viwili.

Maana ya kwanza imezoeleka tangu darasani. Mwanafunzi anayechora mstari wa kiasi cha mvua kwa kila mwezi, mhimili mmoja ukiwa wa miezi na mwingine wa milimita, anachora grafu, na hakuna anayemtaka aeleze kwa nini ameiita hivyo. Maana ya pili ni ya ukoo mwingine kabisa. Haina mhimili wala kipimo, na haijali kama kitu kiko juu au chini, kushoto au kulia. Inajali jambo moja tu: kipi kimeunganishwa na kipi. Ndiyo maana tafsiri isemayo «kanzidata ya grafu» bila maelezo humfanya msomaji adhani anaambiwa habari za ghala la michoro ya takwimu, ilhali kinachozungumzwa ni namna ya kuhifadhi data kwa kufuata mahusiano yake. Makala haya yanashughulikia maana hiyo ya pili.

Asili ya dhana, na mtego wa «ukingo»

Dhana ilitangulia jina lake kwa zaidi ya karne moja. Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikatwa na mto Pregel katika sehemu nne za nchi kavu, nazo ziliunganishwa kwa madaraja saba. Watu waliuliza kama mtu angeweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu bila kurudia. Mwaka 1736 Leonhard Euler alithibitisha kwamba haiwezekani. Hakuhitaji kujua urefu wa madaraja wala umbo la visiwa. Alihesabu tu madaraja yaliyogusa kila sehemu: sehemu moja iligusa matano, na tatu zilizobaki ziligusa matatu kila moja. Sehemu ambayo si mwanzo wala mwisho wa matembezi lazima iingiwe na itokwe idadi ileile ya nyakati, hivyo madaraja yake yanapaswa kugawanyika kwa mbili. Sehemu zenye idadi witiri haziwezi kuzidi mbili, yaani pale pa kuanzia na pale pa kumalizia. Königsberg ilikuwa nazo nne.

Jina «grafu» lilitolewa na mwanahisabati Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1878, akiliazima kutoka michoro ya wanakemia iliyoonyesha atomi na vifungo vyake. Jina basi limetokana na picha, ingawa jambo lenyewe si picha. Grafu hubaki ileile hata isipochorwa kamwe, na michoro miwili isiyofanana kwa macho inaweza kuwa grafu moja.

Katika istilahi za Kiingereza, kiungo kinachounganisha vifundo viwili huitwa kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni ukingo au makali. Neno hilo lina historia yake: katika maumbo kama mchemraba, mstari ambapo nyuso mbili hukutana huunganisha pembe mbili, na mstari huo kwa Kiingereza ni ukingo. Mfasiri anayelihamisha neno hilo jinsi lilivyo hupata «kingo za grafu». Tatizo huonekana pale tu anapofika kwenye mfano wa Königsberg. Kwa Kiswahili, kingo za mto ni nchi kavu iliyo pande zake mbili, nazo katika mfano wa Euler ni *vifundo*. Viungo ni madaraja. Msomaji wa «ukingo unaunganisha vifundo viwili» atakuwa ameupindua mfano wote, na hesabu ya madaraja haitamwelea.

Kwa sababu hiyo «kiungo» kinafaa zaidi. Ni kweli kwamba neno hili limebeba mizigo mingi: viungo vya mwili, viungo vya pilau, viungo vya kurasa katika intaneti. Hata hivyo hakuna mzigo kati ya hiyo unaogeuza maana upande wa pili, na ule wa intaneti kwa kweli ni mfano halisi wa kiungo cha grafu. Kiungo chenye mwelekeo kinaweza kuitwa «mshale». Kwa upande mwingine, «nodi» na «kifundo» vyote vinatumika. Nodi ni utohozi ulioenea katika maandishi ya teknolojia. Kifundo kinastahili nafasi ya kwanza katika maandishi ya kufundishia, kwa kuwa neno la Kilatini ambalo nodi imetoka kwalo lilimaanisha fundo la kamba, na Kiswahili tayari hutumia kifundo kwa mahali ambapo vitu viwili hukutana, kama kifundo cha mguu au cha mua.

Namna tatu za kuiandika grafu

Grafu ndogo inatosha kuonyesha kazi hii. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane wanachama: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Kila nchi na iwe kifundo, na kila mpaka wa nchi mbili uwe kiungo. Mipaka ya maji ikihesabiwa pia, kama ule wa Tanzania na Kongo katika Ziwa Tanganyika, viungo ni kumi na vitano.

Namna ya kwanza ni orodha ya viungo: Kenya–Somalia, Kenya–Uganda, na kuendelea hadi jozi kumi na tano. Ni rahisi kuandika, lakini anayetaka kujua majirani wa Rwanda analazimika kuipitia orodha nzima. Namna ya pili ni jedwali la ujirani, lenye safu nane za mlalo na nane za wima, ambamo 1 huandikwa penye mpaka na 0 pasipo nao. Jibu la swali lolote la «je, hizi zinapakana?» hupatikana papo hapo. Gharama yake ni nafasi: kati ya vyumba 64, ni 30 tu vyenye 1, kwa kuwa kila mpaka huandikwa mara mbili. Kwa nchi nane si neno. Kwa watu milioni kumi na urafiki wao, jedwali hilo lingekuwa karibu lote sifuri. Namna ya tatu ni orodha ya majirani: kila kifundo hutunza majirani zake chenyewe. Somalia ina mmoja, Burundi ina watatu, Tanzania ina watano. Mifumo mingi ya kuhifadhi data kwa grafu hujengwa kwa wazo hili, kila rekodi ikiwa na anwani za viungo vyake, ili kuhama kutoka kifundo hadi jirani yake kusihitaji kuitafuta data yote upya.

Anayeuliza njia fupi kutoka Somalia hadi Burundi ndani ya Jumuiya hupita Kenya na Tanzania, hatua tatu. Mashine huipata kwa kutazama kwanza majirani wa Somalia, kisha majirani wa majirani hao, hadi Burundi ijitokeze.

Jedwali na mjomba

Mapema katika miaka ya 1960, Charles Bachman wa kampuni ya General Electric alibuni mfumo ambamo rekodi ziliunganishwa kwa vielekezi, na mtayarishaji programu alisafiri kutoka rekodi hadi rekodi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1973. Wakati huo upepo ulikwisha kugeuka. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alikuwa amependekeza kwamba data zote ziwekwe katika majedwali, na mahusiano yatokane na thamani zinazolingana kati ya jedwali na jedwali. Pendekezo hilo lilitawala, na halikutawala kwa bahati: kwa mishahara, ankara na matokeo ya mitihani, jedwali halijapata mpinzani. Anayetaka jumla ya safu moja hana haja ya grafu, na miradi mingi inayojisifu kwa grafu ingefanya vyema kubaki na majedwali.

Udhaifu wa jedwali hujitokeza pale swali lenyewe linapokuwa ni safari. Jamaa ni mfano ulio karibu. Tuseme kila mtu katika data ana viungo viwili tu, kimoja kwa mama yake na kingine kwa baba yake. Hakuna haja ya kuhifadhi mjomba ni nani. Mjomba ni *njia*: panda hadi kwa mama, panda tena hadi kwa mama wa mama, kisha shuka kwa mtoto wake wa kiume. Binamu kwa upande huo ni hatua moja zaidi ya kushuka. Katika majedwali, kila hatua hulinganisha jedwali la watu na jedwali hilohilo, na swali la «wahenga wote wa Fulani, hata wawe vizazi vingapi» halina idadi ya hatua inayojulikana mapema. Lugha sanifu ya SQL imeruhusu maulizo ya kujirudia tangu mwaka 1999, hivyo si sahihi kusema kwamba jedwali haliwezi. Linaweza, ila kwa ulizo refu na mara nyingi kwa kazi nzito zaidi.

Mfano huu una somo jingine kwa mfasiri wa miundo ya data. Fomu na programu nyingi zilizoundwa kwa Kiingereza zina aina moja tu ya uhusiano kwa mjomba na kwa ami, na hazitofautishi baba mkubwa na baba mdogo. Data ikishaingizwa kwa aina hiyo moja, upande wa mama na upande wa baba umechanganywa, na hakuna mfasiri atakayeweza kuutenganisha tena kwa kuangalia data hiyo peke yake. Kuandika «mjomba» juu ya kiungo hicho si tafsiri, ni kubahatisha. Penye nafasi ya kushauri, mfasiri apendekeze kwamba vihifadhiwe viungo vya msingi, yaani mama, baba, jinsia na mwaka wa kuzaliwa, na majina ya jamaa yatokane na njia. Hapo kila lugha itazisoma data kwa majina yake.

Safari za namna hii zina uzito nje ya ukoo pia. Mwaka 2016, muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi, ICIJ, ulipochapisha habari za Panama Papers kutokana na nyaraka milioni 11.5, data za kampuni zaidi ya 214,000 ziliwekwa katika kanzidata ya grafu. Swali la mwandishi halikuwa jumla ya kitu fulani. Lilikuwa: mtu huyu anafika vipi kwenye kampuni ile, na amepitia kwa nani?

Kauli ya sehemu tatu

Mwaka 1999 shirika la W3C lilipitisha RDF, mfumo unaoeleza data yote kwa kauli zenye sehemu tatu. *Kusadikika – iliandikwa na – Shaaban Robert. Shaaban Robert – alizaliwa – Vibambani. Vibambani – iko – Tanga.* Kila kauli ni kiungo kimoja chenye vifundo viwili. Zikiunganishwa, mashine inaweza kujibu kwamba mwandishi wa *Kusadikika* alizaliwa Tanga, ingawa hakuna kauli iliyosema hivyo. Data kubwa iliyopangwa kwa namna hii siku hizi huitwa «grafu ya maarifa», jina lililopata umaarufu baada ya Google kulitumia mwaka 2012. Wikidata, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ni mfano ambao mtu yeyote anaweza kuufungua na kuuhariri.

Majina ya sehemu hizo tatu yanahitaji uangalifu. Kwa Kiingereza yameazimwa kutoka mantiki na sarufi, na anayeyapatia visawe vya sarufi ya Kiswahili hupata «kiima, kiarifu, shamirisho». Lakini katika sarufi, kiarifu cha sentensi «Musa amenunua kitabu» ni «amenunua kitabu» kizima, na shamirisho limo ndani yake. Katika RDF sehemu ya kati haijumuishi ya tatu. Mwanafunzi aliyefundishwa sarufi vizuri ndiye atakayepotea haraka zaidi. Afadhali kusema «kiima, uhusiano, shamirisho», au «yambwa» kwa wanaolipendelea neno hilo. «Kihusishi» kiepukwe, kwa kuwa kina kazi yake tayari katika aina za maneno.

Uteuzi wa majina ya mahusiano yenyewe ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, na waunda data wanaoandika Kiswahili hawajautumia vya kutosha. Mnyambuliko wa kitenzi hutaja mwelekeo wa kiungo. Kiungo cha *kufundisha* kikisomwa kutoka upande wa pili ni *kufundishwa na*. *Kumiliki* ni *kumilikiwa na*. Kauli ya kutendana hutaja kiungo kisicho na mwelekeo: Kenya na Uganda *zinapakana*, Asha na Juma *wameoana*, na hakuna haja ya kuandika kauli mbili. Kanuni hii ina mipaka yake. *Kupatikana*, *kuonekana* na *kujulikana* vina umbo linalofanana na hilo bila maana ya kutendana. *Kufuatana* nako kwa kawaida ni kwenda pamoja au kwa mpangilio, hivyo hakufai kwa watu wawili ambao kila mmoja anamfuata mwenzake katika mtandao wa kijamii. Hapo viandikwe viungo viwili vya *kumfuata*.

Kuna suala la tarehe. Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Je, 2007 ni sifa ya nini? Si ya Rwanda, si ya Jumuiya, ni ya kiungo. Mifumo inayoitwa grafu za sifa, kama Neo4j, huruhusu kiungo kubeba sifa zake, na lugha sanifu ya kuiulizia mifumo ya aina hiyo, GQL, ilichapishwa na ISO mwaka 2024. Kauli tupu ya sehemu tatu haina mahali pa kuiweka tarehe hiyo. Suluhisho la zamani katika RDF ni kuugeuza uhusiano kuwa kifundo: panaundwa kitu kiitwacho *uanachama wa Rwanda*, nacho kinapewa viungo vyake, kimoja kwa Rwanda, kimoja kwa Jumuiya, kimoja kwa mwaka. Msomi wa sarufi atautambua ujanja huo mara moja. Ndivyo lugha inavyofanya inapotoka «Rwanda ni mwanachama» hadi «uanachama wa Rwanda ulianza».

Kamusi iliyotandazwa

Mahali ambapo watumiaji wa kamusi huikuta grafu bila kuijua ni katika msamiati wenyewe. Alfabeti ni mpangilio wa mstari mmoja, na mofolojia ya Kiswahili haiko kwenye mstari. Kutokana na *andika* hupatikana *maandishi* na *mwandishi* (herufi M), *uandishi* (U), *andiko* (A). Kutokana na *andika* hupatikana pia *andikisha*, ambayo nayo imezaa *uandikishaji*, hatua ya pili kutoka kwenye chanzo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya mengi ya maneno ya namna hii chini ya kitenzi, na mwanafunzi asiyejua kitenzi akapata taabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliipa kila nomino kidahizo chake, na undugu wa maneno ukafichika. Kila upande ulilipa gharama ya karatasi. Katika grafu *mwandishi* ni kifundo kinachofikiwa moja kwa moja kwa kutafutwa, na papo hapo kina kiungo kinachorudi kwa *andika*.

Sharti ni kwamba kifundo kisiwe tahajia. *Paa* la nyumba, *paa* mnyama, *kupaa* angani na *kupaa* samaki magamba ni vifundo vinne vyenye sura moja. Anayetumia tahajia kama kitambulisho atamwunganisha swala na mabati. Ndiyo maana Wikidata, ilipoanza kupokea leksimu mwaka 2018, iliipa kila leksimu namba yake, na sura ya neno ikawa sifa tu. Maana nazo hupewa vitambulisho vyake, kwa kuwa kisawe hufungamana na maana moja, si na neno zima. WordNet ya Chuo Kikuu cha Princeton, iliyoanza katikati ya miaka ya 1980, ilijengwa juu ya wazo hilo: vifundo vyake ni mafungu ya visawe, si maneno.

Matumizi

«Kanzidata» na «hifadhidata» hutumika kwa maana moja. Ya kwanza imeunganisha *data* na *kanzi*, yaani hazina. Maandishi yachague moja na kuishikilia. Penye hatari ya kuchanganya maana mbili za grafu, iandikwe «grafu ya mahusiano» inapotajwa mara ya kwanza, kisha «grafu». «Mtandao» usitumiwe mahali pake katika maandishi ya kiufundi, kwa kuwa msomaji ataelewa intaneti. «Mti» ni grafu isiyo na mzunguko, ambamo vifundo vyovyote viwili vina njia moja tu kati yao. Mchoro wa ukoo huitwa mti kwa mazoea, lakini mabinamu wakioana na kupata mtoto, njia mbili za kumfikia babu mmoja hujitokeza, na mti huo, kwa maana ya kihisabati, si mti tena.